Mgeni wetu Mjerumani anataka ufunguo wa nyumba, mama kanuna. Wenye uzoefu karibuni

#1 MwanaNgamiani (mleta uzi)

Habari za humu wakuu, poleni na majukumu. Uzi ni mrefu kidogo, mwenye haraka apite tu.

Tunakaa Ngamiani, Tanga mjini. Nyumba yetu ni ile ya Kiswahili kabisa: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uani jiko na choo na kisima. Tupo mama, bibi mzaa mama, mimi na wanangu wawili, na binti wa mama mdogo kutoka Lushoto ambaye yuko hapa anajifunza ushonaji.

Sasa tuna mgeni. Ni binti wa Kijerumani, kwao anasoma Kiswahili chuo kikuu. Msishangae, vyuo vya Ujerumani vinafundisha Kiswahili miaka mingi, pale Bayreuth wana mpaka kongamano lake la kila mwaka. Amekuja muhula mmoja akisikie kinakozungumzwa. Aliletwa kwetu na mwalimu mmoja anayefahamiana na mama, na kila mwezi anatoa kiasi cha chumba na chakula.

Wiki mbili za mwanzo ilikuwa raha tupu. Mama alinunua godoro jipya, pazia, kioo, akatoa meza ya marehemu baba stoo, ikapigwa vumbi ikawekwa ukumbini. Mgeni anakula mezani na uma, sisi tuko chini kwenye mkeka na sinia letu kama kawaida. Kiswahili chake kilitumaliza mbavu. "Tafadhali, je, mnaweza kunipatia chumvi?" Bibi akaniuliza pembeni: huyu mbona kila akitaka kitu anasoma taarifa ya habari? Jioni moja akatuambia kwamba neno shule ni la kwao, limetoka kwenye Schule, na hela imetokana na Heller, sarafu ya enzi za Mjerumani. Bibi akasema kumbe tunazungumza Kijerumani siku zote na hatulipwi.

Dalili za mgogoro zilianzia kwenye chakula. Alishasema tangu siku ya kwanza: "Mimi sili nyama." Mama akaitikia vizuri sana, na Ijumaa akachinja kuku. Binti akaangalia sahani, akamwangalia mama, macho yakamjaa. Na mama naye anajitetea mpaka leo: kasema hali nyama, nami sikumpikia nyama, nimempikia kuku.

Hilo lilipita. Wiki ya tano ndiyo likaja hili. Baada ya chakula cha usiku alimwendea mama, kasimama wima, mikono nyuma: "Mama, naomba ufunguo wangu wa nyumba."

Wangu! Mama akamwambia, ufunguo wa nini mwanangu, nyumba hii haikosi mtu. Akaeleza kwamba ana wenzake wanakaa Raskazone, mara nyingine wanakaa ufukweni mpaka usiku, na yeye hataki kumsumbua mtu. Mama akasema "sawa", ile sawa mnayoijua. Tangu siku hiyo hawana mazungumzo. Mgeni akiamkia, anaitikiwa, basi. Naye kaanza kujifungia chumbani, ananunua mkate na biskuti anakula humo. Juzi mama alipoona karatasi za biskuti kwenye taka alikaa uani akalia. Anasema majirani watajua anamlaza mtoto wa watu na njaa.

Kwa wasioijua nyumba yetu: mlango wa mbele una kufuli la nje, na ndani una komeo. Saa nne usiku komeo linashushwa. Ufunguo wa kufuli ni mmoja tu, uko kwenye pindo la kanga ya mama tangu baba afariki. Hata mimi niliyezaliwa humo, mwenye miaka 34 na watoto wawili, sina.

Swali langu: apewe au asipewe?

#2 Siti_ya_Mbele

Nimeshakaa. Ngoja waje wataalamu. Uzi bila picha ya mgeni haujakamilika lakini.

#3 MwanaNgamiani

Picha hapana. Ni mtoto wa watu.

#4 Mkwakwani_Jukwaani

Mimi nitasema ambalo wengine wataona aibu kulisema. Umetaja godoro jipya, pazia, kioo na meza ya marehemu. Hukutaja binti wa Lushoto analala wapi. Nyumba ina vyumba vya kuhesabu, mgeni kapata chumba kizima, kwa hiyo kuna mtu kahamishwa. Nambie kama nimekosea.

Huyo binti wa mama mdogo alipokuja mlimnunulia pazia? Naye alikuwa ugenini, Lushoto na Tanga si mahali pamoja, kule wanajifunika mablanketi mawili, huku mtu anamwagika jasho. Alipewa mkeka na ufagio siku hiyohiyo. Mzungu wiki ya tano hajashika hata ufagio, leo mnashangaa anajiona mpangaji? Mmemfanya mpangaji nyinyi wenyewe.

#5 MwanaNgamiani

Mkuu umenichoma lakini sina la kukujibu. Ndiyo, kilikuwa chumba chake. Sasa analala na bibi. Hajalalamika, na mimi sikuwahi kumuuliza.

#6 Dada_wa_Sahare

Mwambie mama amseme waziwazi, amalize. Wazungu hawajui kununiwa.

#7 MwanaNgamiani

Dada, mama yangu ni mtu wa Tanga. Kusema waziwazi si njia yake. Unajua alifanya nini? Alitoa kanga sandukuni, imeandikwa "Shukrani ya punda ni mateke", akajifunga akapita nayo ukumbini mara tatu. Mgeni akafurahi! Akamwomba mama asimame, akaisoma kwa sauti, akaenda kuchukua daftari lake akainakili. Kisha akamuuliza: "Mama, mateke ni wingi wa teke?" Bibi alitoka nje kwenda kuchekea barazani.

#8 Mtanga_Baridini

Dada yangu mleta uzi, naomba univumilie, mimi nitaandika mengi maana hili limenikuta kwa upande wa pili.

Mimi ni wa Chumbageni. Kabla ya kuanza chuo Ujerumani nilikaa miezi kumi na familia moja, mji mdogo wa kusini, nikijifunza lugha. Baba, mama, watoto wawili wa shule na paka. Siku ya kwanza, begi sijalitua vizuri, mama wa nyumba akanikabidhi ufunguo. Ulikuwa na kipande cha ngozi. Akanizungusha: huu unafungua mlango wa mbele, huu wa chini kwenye stoo ya baiskeli, huu kisanduku cha barua.

Asubuhi naamka, nyumba kimya. Nazunguka chumba kwa chumba, hakuna mtu. Wote wameondoka. Mezani nikakuta kikaratasi: mkate uko hapa, jibini iko pale, tutaonana saa kumi na moja. Nilikaa kwenye ngazi na ule ufunguo mkononi, nikasema hawa watu wamenichoka kabla hata jua la pili. Kwetu unamwacha mgeni peke yake na kuta? Nilihisi nimeambiwa: huu hapa ufunguo, jitegemee, usitusumbue.

Nilikuja kujua baada ya muda mrefu sana kwamba jirani yao wa miaka ishirini hana ufunguo huo. Mdogo wake baba wa nyumba hana. Watoto wao walipewa walipofika umri wa kurudi shule peke yao. Mimi, mtu mweusi waliyemjua kwa barua pepe tatu, nilipewa kabla ya kuvua viatu. Walinivisha taji, mimi nikadhani wamenifukuza.

Sasa rudi kwa huyo binti. Anapomwambia mama "sitaki kukusumbua", anatoa heshima kubwa kuliko zote alizofundishwa kwao. Mtu aliyelelewa vizuri kule hamgongei mtu mlango usiku. Jumapili hatoboi ukuta na wala hafanyi kazi ya kelele, jirani anapumzika. Usiku saa nne mji wote unashusha sauti. Lakini mama yako anasikia nini? Anasikia "sikuhitaji".

Na kujifungia chumbani si kununa. Kule milango ya vyumba inafungwa, hata ndugu kwa ndugu wanabisha hodi. Mimi nilikuwa naacha wangu wazi, na kila anayepita anaurudisha taratibu, akidhani nimesahau. Nami nikadhani hawataki kuniona!

Njaa sasa. Hapo ndipo nilipoteseka. Chakula chao cha jioni kwa jina lenyewe ni "mkate wa jioni", na kweli ni mkate. Mkate mweusi mzito, jibini, matango ya siki, vipande vya nyama baridi ambavyo mimi kwanza niulize kama si nguruwe. Saa kumi na mbili na nusu. Nikala vipande viwili kwa adabu, nikanyoosha mgongo kusubiri chakula chenyewe. Wakaanza kutoa vyombo. Wiki nzima nasubiri chakula chenyewe!

Wakiniuliza "utaongeza?", najibu hapana, asante, kama tulivyolelewa Tanga. Mtu mwenye adabu hakubali mara ya kwanza, anangoja asisitizwe. Kule hakuna kusisitiza. Ukisema hapana wanakuheshimu, sahani inaondoka. Nililala njaa kwa sababu ya adabu zangu mwenyewe. Baadaye nikajifunza kusema "ndiyo" bila haya, kuisema kwa mara ya kwanza mbele ya mama wa watu kulinitoa jasho kuliko mtihani wa lugha.

Na walikuwa na mafumbo yao pia, tusiwasifie sana. Taka kule zinatengwa: pipa la manjano vifungashio, la bluu karatasi, la kahawia mabaki ya chakula, jeusi yanayobaki. Siku moja nimetupa kikopo cha mtindi kwenye pipa jeusi. Baba wa nyumba akaja, akakitoa, akabandua kile kifuniko chembamba kikatoka chote, akaweka kikopo na kifuniko kwenye la manjano, kila kimoja peke yake. Ananiangalia. Hakusema neno. Hiyo nayo si kanga ya punda?

Jina nalo lilinisumbua. Waliniambia niwaite kwa majina yao. Mtu ana miaka 55, nimwite jina tupu kama mwenzangu wa daladala! Nikawa naanza sentensi zote kwa "samahani" ili nisitaje kitu. Mwezi wa tatu nikateleza nikamwita Baba. Alinyamaza kidogo, akaniuliza kama nataka kahawa. Nadhani alipenda. Sijui, hawasemi.

Kwa hiyo dada, swali la "apewe asipewe" liko mbali kidogo na tatizo lenyewe. Huyo binti hajui kama yuko nyumbani au hotelini. Mezani peke yake, uma peke yake, kazi hashiki. Ameomba alama ya nyumbani anayoijua yeye. Kwao alama hiyo ni ya chuma.

#9 Siti_ya_Mbele

Mkuu wa baridini umeua. Hapo kwenye kusubiri chakula chenyewe nimecheka peke yangu kwenye basi.

#10 Bi_Mkubwa_Magomeni

Assalaam aleikum wanangu. Mimi niko Bagamoyo, Magomeni. Nimepokea wanafunzi wa kigeni tangu Taasisi ya Sanaa ikiitwa bado Chuo cha Sanaa. Wanakuja kujifunza ngoma, marimba, sarakasi. Wamepita kwangu Wafini, Waswidi, Wajerumani, Mjapani mmoja. Nizungumze kidogo, macho hayaruhusu kuandika sana, mjukuu ananisaidia.

Mwanangu, iondoe hiyo meza leo. Mtu anayekula juu peke yake wakati watu wako chini, mmemweka kwenye baraza la mahakama. Mkeka utamuuma magoti wiki moja, atazoea. Mpe na mbuzi akune nazi. Lakini mweleze vizuri mbuzi ni nini! Mimi mmoja nilimwambia "niletee mbuzi uani", nikasubiri, nikasubiri, nazi nimeshaipasua, maji yamekwisha. Kumbe yuko nyuma ya nyumba anahangaika kufungua kamba ya mbuzi wa jirani.

Mfundisheni saa. Mwalimu wa ngoma alimwambia mwanafunzi wangu saa mbili, yeye akaenda saa nane mchana, anakuta watu wanakula. Wiki mbili walimwona mvivu. Na neno karibu. Kila aliyepita kwa watu wanakula akaambiwa karibu, yeye anakaa anakula. Nyumba tano, milo mitano! Akija kwangu tumbo limejaa na mimi najua hapendi mapishi yangu. Waambieni mtu akisema karibu mpita njia anajibu "asante, starehe", anaendelea na safari.

La hela. Ziandikwe kwenye daftari na zisizungumzwe tena. Mwenye kulipa asijione anadaiwa fadhila na mwenye kupokea asijione mtumishi. Huyo wa jukwaani amesema kweli tupu kuhusu mtoto wa Lushoto, ingawa mdomo wake mkali.

Sasa hili la kijana wa Chumbageni limenifanya niache kusuka ukili. Nilikuwa na mwanafunzi mmoja, alikaa kwangu miezi minne, mtoto mzuri, anapiga ngoma mpaka viganja vinapasuka. Siku ya safari yake nilimnunulia korosho na kitenge, nikapanga nimsindikize mpaka stendi apande gari la Dar. Nikaamka alfajiri kwenda kuswali, chumba kitupu. Ameondoka. Shuka zimekunjwa pembe kwa pembe, sakafu imefagiliwa, barua juu ya mto. Ameandika kwamba hakutaka kutuamsha.

Barua ilikuwa nzuri lakini sikuijibu. Mwenye kuondoka bila kuaga kwetu ama ameiba ama amekasirika, na kuiba hakuiba. Mwaka wa kumi na moja huu nimekaa na kinyongo. Nilikuwa nasema wale si watu wa shukrani. Kumbe mtoto alikuwa ananyata kwa heshima.

Korosho tulikula wenyewe. Kitenge ninacho.

#11 Mtanga_Baridini

Shikamoo Bi Mkubwa. Naapa hilo ndilo lenyewe. Mjibu barua, haijachelewa.

#12 Bi_Mkubwa_Magomeni

Marahaba mwanangu. Mjukuu anaitafuta anwani.

#13 Afisa_Mstaafu

Nje ya mada kidogo, lakini tusisahau. Anayekuja kusoma awe na kibali cha ukaazi daraja C, visa ya utalii haimtoshi. Na mwenyeji afike serikali ya mtaa, mgeni aandikwe. Nimeona watu wakifuatwa kwa uzembe tu.

#14 MwanaNgamiani

Asante mzee. Kibali anacho, na mjumbe alishakunywa chai hapa mara tatu.

#15 Mtanga_Baridini

Na kule ni hivyohivyo mzee. Ukihamia nyumba una wiki mbili za kwenda manispaa kujiandikisha, na karatasi ya mwenye nyumba. Tofauti ni kwamba hawaji kunywa chai.

#16 Mkwakwani_Jukwaani

Mji huu tangu zamani ni "waja leo waondoka leo". Wanakuja, wanaandika daftari zao, wanaondoka. Nyinyi mnabaki na meza. Lakini haya, tusubiri mrejesho.

#17 MwanaNgamiani

Mrejesho. Samahani kwa kupotea, wiki mbili zimepita.

Jioni ile ya pili niliwasomea mama na bibi majibu yenu barazani, yote, hata ya jukwaani. Mama alikuwa anachambua mchele, hakuinua uso. Nilipofika kwenye barua ya Bi Mkubwa akaacha ungo. Akasema: "Masikini, mwenzangu." Basi. Akaendelea kuchambua.

Kesho yake baada ya alasiri alimwita mgeni uani. Mimi nilikuwa nafua pembeni, sikwenda mbali, niwadanganye kwa nini. Mama akamuuliza moja kwa moja, kitu ambacho sijamwona akimfanyia mtu: "Ule ufunguo, ulitaka uende nao wapi?"

Binti akasema hakutaka kwenda nao popote. Akasema kwao alipewa ufunguo akiwa na miaka minane, ulikuwa na kamba, anauvaa shingoni. Kwao mtoto wa nyumba ana ufunguo. Asiye nao ni mgeni, na yeye wiki ya tano bado ni mgeni, anaona kila siku anafunguliwa.

Mama akatafakari. Akamwambia, kwetu wenye funguo ni wapangaji. Wanangu mimi nawafungulia. Usiku wa manane nikisikia hodi nainuka, ndiyo nalala usingizi. Wewe uliposema hutaki kunisumbua niliona unaniaga.

Binti aliomba arudie sentensi ya mwisho polepole. Mama akairudia. Safari hii hakuandika.

Meza imerudi stoo. Magoti kweli yanamuuma, anakaa upande kama mtu anayepiga picha ya harusi. Mbuzi amemjua: nazi ya kwanza alikuna mpaka kidole, mchuzi ukawa na rangi, tukamwaga. Sasa anakuna vizuri, tui la kwanza analitenga bila kuambiwa. Mama anampikia kunde na samaki, maana ilibainika samaki anakula, hajui tu mbona hakuulizwa.

La binti wa Lushoto, nilimuuliza. Akanijibu, "dada, bibi anakoroma." Kumbe ndilo aliloona zito! Mgeni aliposikia kwamba chumba kilikuwa cha mtu, uso ulimbadilika rangi. Siku hiyohiyo walivuta kitanda cha pili wenyewe. Sasa wako pamoja, mmoja anafundishwa kushona, mwingine anafundishwa kuendesha baiskeli, na usiku wanacheka mpaka bibi anagonga ukuta. Mkuu wa jukwaani, mama kasema upokee salamu na uache mdomo.

Na ufunguo alipewa. Mama alikwenda mwenyewe kwa fundi karibu na soko, akachongesha wa pili. Elfu tatu. Akaufunga kwenye kijitambaa akampa mbele yetu wote. Wivu ulinipanda kidogo, mimi wa miaka 34.

Sasa sikilizeni. Jumamosi kulikuwa na harusi Makorora, wasichana wawili wakaenda. Wamerudi saa sita na nusu usiku. Mimi nasikia bajaji inasimama. Nasikia mgeni anamwambia mwenzake "usigonge, ninao." Halafu kimya. Halafu mwingine anaanza kucheka. Wakuu, ufunguo ni wa kufuli. Kufuli linafungwa kwa nje tukiondoka wote, na usiku mlango una komeo kwa ndani. Kesho mgeni alinieleza alivyosimama pale na ufunguo mkononi anautafutia tundu kwenye mlango usio na tundu.

Ikabidi agonge. Kagonga kidogo sana, kama anayeomba radhi. Mama alikuwa ameshainuka zamani. Akafungua, kajitanda kanga, akauliza: "Mmekula?" Wametoka kula pilau la harusi sahani mbili mbili. Lakini binti wa Kijerumani akajibu: "Bado, mama." Akawashiwa jiko, akapashiwa, akala.

Kijana wa baridini, nadhani utanielewa nilivyojisikia.

#18 Mtanga_Baridini

Nimekuelewa mpaka mwisho. "Bado, mama." Huyo kashafaulu, wampe cheti.

#19 Bi_Mkubwa_Magomeni

Alhamdulillahi. Msimwache aondoke bila kusindikizwa. Mwambieni mapema, hata kama gari ni la alfajiri.

#20 Mkwakwani_Jukwaani

Salamu nimepokea. Mdomo siachi. Ufunguo wa elfu tatu usiofungua kitu, mngenipa mimi hiyo hela.

#21 MwanaNgamiani

Unafungua, mchana. Tatizo mchana mlango uko wazi. Umetundikwa msumarini chumbani kwao, juu ya kioo. Kugonga ndiko alikozoea sasa. Bibi analalamika kwamba mwanzo alikuwa anabisha kama panya, siku hizi anabisha kama anatudai kodi.

#22 Dada_wa_Sahare

Dada, na ile kanga ya punda je? Mama bado anaivaa?

#23 MwanaNgamiani

Ilishakatwa. Tunaepulia sufuria. Kipande chenye "mateke" kilimwangukia mgeni.